Fanani na Hadhira katika Maonyesho ya Grateful Dead: Nafasi ya Shabiki katika Kuunda na Kuhifadhi Utendaji

Ikisiri

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekubaliana kwamba utendaji haukamiliki bila hadhira. Pamoja na makubaliano hayo, katika uchambuzi mwingi hadhira hutajwa kwa kifungu kimoja au viwili, kisha mchambuzi akarejea kwa fanani na tungo yake. Makala haya yanachunguza hadhira ya bendi ya muziki wa roki ya Marekani iliyoitwa Grateful Dead, iliyotumbuiza kuanzia 1965 hadi 1995. Yanadai kwamba mashabiki wa bendi hiyo walikuwa na kazi tatu zinazotofautiana: kushiriki katika utendaji, kulinganisha utendaji mmoja na mwingine, na kuihifadhi matini yake. Yanaonyesha pia kwamba kazi hizo tatu hazikupatana daima, na kwamba hadhira iliyoukuza utendaji huo ndiyo iliyokuja kuuhatarisha. Mwisho, makala yanapendekeza namna dhana ya hadhira inavyoweza kupanuliwa katika utafiti wa sanaa za maonyesho.

1.0 Utangulizi

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi (1989) anaichukulia fasihi hiyo kuwa ni tukio, na anataja mambo sita yanayoingiliana ndani yake: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mtazamo huo uliwaondoa wachambuzi wengi katika mazoea ya kuyashughulikia maneno yaliyoandikwa kana kwamba ndiyo kazi nzima. Kabla yake, Finnegan (1970) alikuwa ameonyesha kwa mifano kutoka pande nyingi za Afrika kwamba maneno ya tungo simulizi yakiwekwa karatasini huwa ni sehemu tu ya kile kilichotendwa. Lord (1960), kwa upande wake, alieleza kuwa mwimbaji wa tendi hakariri matini iliyokwisha kamilika bali huitunga upya kila anapoiimba, na kwa hiyo si sahihi kuitafuta tungo ya asili ambayo nyingine zote ni nakala zake.

Hoja hizo tatu zinaacha swali moja ambalo halijajibiwa vya kutosha. Ikiwa kila utendaji ni tungo mpya, je, ni nani anayelitambua hilo? Mtu anayehudhuria mara moja hawezi kuijua tofauti. Fanani naye, kama Lord alivyoona, mara nyingi husisitiza kwamba ameimba vile vile alivyoimba zamani. Anayeweza kuitambua tofauti ni msikilizaji anayerudi, yaani yule ambaye ameshuhudia utendaji wa fani ile ile mara kumi, hamsini au mia, katika mahali na nyakati mbalimbali. Msikilizaji wa namna hiyo ndiye kiini cha makala haya.

Bendi ya Grateful Dead imeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, muziki wake ulitegemea sana ubunifu wa papo kwa papo. Pili, mashabiki wake waliacha ushahidi mwingi wa walichokisikia na walichokifanya: kanda, orodha za nyimbo, barua na majarida. Tatu, hadhira hiyo imewahi kuchunguzwa kitaaluma. Katika majira ya joto ya 1989, Rebecca Adams, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro, alifuatana na wanafunzi wake katika ziara ya bendi hiyo ili kuuchunguza umma wa mashabiki kama jamii. Mnamo 2000, yeye na Robert Sardiello walihariri mkusanyo wa makala za sayansi ya jamii kuhusu mashabiki hao.

2.0 Bendi, Jina na Wafuasi Wake

Bendi iliundwa 1965 katika eneo la San Francisco, California, kwanza kwa jina la The Warlocks. Waanzilishi wake walikuwa Jerry Garcia na Bob Weir (magitaa), Ron McKernan (kinanda na kinanda cha mdomo), Phil Lesh (gitaa la besi) na Bill Kreutzmann (ngoma). Mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart, alijiunga 1967. Mashairi ya nyimbo nyingi yalitungwa na watu wawili ambao hawakupanda jukwaani kupiga muziki, Robert Hunter na John Perry Barlow. Mwishoni mwa 1965 bendi ilibadili jina, na jina jipya likapatikana katika kamusi.

Kwa mwanafunzi wa ngano, jina hilo lina maana ya pekee. “Maiti mwenye shukrani” ni motifu inayojulikana katika ngano za Ulaya na Asia: msafiri anakuta maiti aliyenyimwa maziko kwa sababu ya deni, analilipa deni hilo kwa fedha zake za mwisho, kisha akiwa njiani anasaidiwa na mtu asiyemjua, ambaye baadaye hutambulikana kuwa ndiye yule marehemu. Gerould alikwisha iandikia ngano hiyo kitabu kizima mwaka 1908. Haidaiwi hapa kwamba wanabendi walikusudia kuitenda ngano hiyo. Hata hivyo, kisa cha msafiri, deni na fadhila inayorudi kilikuja kufanana sana na namna wafuasi wa bendi walivyouelewa uhusiano wao na wanamuziki na kati yao wenyewe.

Wafuasi hao walijulikana kwa jina la Deadheads. Mwaka 1971, ndani ya jalada la albamu yake, bendi ilichapisha tangazo lililowaomba wapenzi wake wajitambulishe na kutuma anwani zao. Majibu yaliyopatikana yakawa msingi wa orodha ya kuwatumia taarifa, na kuanzia 1983 bendi iliuza sehemu ya tiketi zake moja kwa moja kwa njia ya posta. Mashabiki walizoea kuzipamba kwa michoro bahasha za maombi yao ya tiketi. Kwa hiyo, hata kabla onyesho halijafanyika, palikuwa na mawasiliano ya pande mbili ambayo si ya kawaida katika biashara ya muziki.

Huenda ikadaiwa kwamba biashara hiyo yenyewe inatosha kuzuia ulinganishi wowote na fasihi simulizi, kwani shabiki alilipa kiingilio na fanani alilipwa ujira. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Manju wengi wametunzwa na hadhira zao, na utunzaji huo ni sehemu ya utendaji. Zaidi ya hayo, tofauti na bendi nyingi za wakati wake, Grateful Dead haikuishi kwa mauzo ya santuri bali kwa maonyesho. Ilifanya zaidi ya maonyesho 2,300 katika miaka 30, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa bendi zilizoingiza fedha nyingi zaidi kwa maonyesho nchini Marekani. Uchumi wake ulimfanya fanani amtegemee msikilizaji anayerudi.

3.0 Tungo Isiyofungwa

Mfano unaofaa kuonyesha hali ya tungo za bendi hii ni wimbo uitwao “Dark Star”, ambao maneno yake yalitungwa na Hunter. Ulitolewa katika santuri mwaka 1968 ukiwa na urefu usiofika dakika 3. Mwaka uliofuata ulitokea katika albamu ya Live/Dead, iliyorekodiwa mbele ya hadhira, ukiwa na urefu wa dakika 23 hivi. Katika baadhi ya maonyesho ya 1972 na 1973 ulizidi dakika 40. Beti zake ni mbili tu, na mara nyingine ubeti wa pili haukuimbwa kabisa. Kilichobaki ni muziki ambao hakuna mwanabendi aliyejua mapema ungeelekea wapi.

Ni dhahiri kwamba si nyimbo zote zilizokuwa wazi kiasi hicho. Nyingi zilikuwa na umbo thabiti la beti na kiitikio. Lakini mpangilio wa onyesho zima ulikuwa wazi. Hadhira haikutangaziwa nyimbo zitakazopigwa, na wimbo uliopigwa leo haukutarajiwa kupigwa kesho. Mara kwa mara nyimbo mbili au tatu ziliunganishwa bila kusimama, na jinsi wanamuziki walivyovuka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine ilihesabiwa kuwa sehemu muhimu ya sanaa yao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 onyesho lilikuwa na vipindi viwili, na katikati ya kipindi cha pili wapiga ngoma waliachiwa jukwaa peke yao, kisha wapiga magitaa wakarudi na muziki usio na mapigo maalumu, hadi wimbo mwingine ulipochomoza.

Hali hii ilikuwa na gharama. Onyesho lisilo na mpango thabiti linaweza kufana, nalo linaweza kuchusha. Mashabiki wa bendi walilijua hilo na hawakulificha: usiku mmoja magitaa hayakupatana, usiku mwingine waimbaji walisahau maneno. Msikilizaji aliyerudi alikuwa amekubali kwamba huenda akasafiri kilomita mia kadhaa na kupata usiku dhaifu. Ridhaa hiyo ndiyo inayomtofautisha na mteja anayedai apewe kile alichokisikia katika santuri.

4.0 Shabiki kama Mshiriki

Ushiriki wa hadhira ulianza nje ya ukumbi. Katika maegesho ya magari palizuka soko ambalo wafuasi waliliita Shakedown Street, kwa jina la wimbo na albamu ya bendi ya 1978. Humo waliuziana fulana zilizotiwa rangi kwa kufungwa mafundo, mikate ya jibini na vyakula vingine, na faida ikawasaidia wengi wao kununua tiketi na mafuta ya kuwafikisha mji uliofuata. Asiyekuwa na tiketi alisimama akiwa ameinua kidole kimoja, ishara iliyoeleweka na wote kwamba anaomba apewe tiketi bure. Wapo waliopewa, na aliyepewa alijiona ana deni la kumpa mwingine siku nyingine. Hapo motifu ya ngano iliyotajwa katika sehemu ya 2.0 inaonekana wazi.

Ndani ya ukumbi, jambo la kwanza lililomshangaza mgeni ni kwamba watu wengi hawakutazama jukwaa. Wanamuziki hawa walisimama mahali pamoja na kuzungumza kidogo sana na hadhira; Garcia hasa alikuwa mkimya. Mashabiki walicheza, kila mmoja kwa namna yake, na baadhi waliondoka kwenye viti vyao wakaenda kuchezea korido za ukumbi, ambako jukwaa halikuonekana kabisa bali sauti tu ilisikika. Sauti yenyewe ilishughulikiwa kwa makini: mwaka 1974 bendi ilisafiri na mtambo wenye spika zipatazo 600, uliojengwa ili hata aliye nyuma asikie vizuri. Ulikuwa mzito na wa gharama kubwa mno, na haukutumika tena baada ya mwaka huo.

Hadhira hiyo haikuwa ya namna moja. Viziwi walikuwa na sehemu yao, penye wakalimani wa lugha ya ishara, na baadhi yao walishika maputo ili mikono yao ipokee mtetemo wa muziki. Kundi jingine, lililojiita Wharf Rats kwa jina la wimbo mmoja wa bendi, lilikuwa la mashabiki walioacha pombe na dawa za kulevya. Kundi hili lina umuhimu wa kipekee, kwa sababu dawa hizo zilikuwa sehemu ya historia ya bendi tangu karamu za 1965 na 1966 ambamo LSD ilitumiwa hadharani. Wharf Rats walikutana wakati wa mapumziko kati ya vipindi viwili, mahali palipotambulishwa kwa maputo ya manjano, wakapeana moyo, kisha wakarudi kucheza. Walikataa sehemu moja ya desturi za hadhira yao bila kuutoka utendaji wenyewe. Mchambuzi anayesema “hadhira ilishangilia” na kuishia hapo hawezi kuziona tofauti hizi.

Maonyesho ya Misri ya tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978 yanafaa kutajwa hapa. Bendi ilipiga muziki huko Giza, karibu na piramidi, na mamia ya mashabiki walisafiri kutoka Marekani kuifuata. Mwanamuziki wa Kinubi, Hamza El Din, aliimba pamoja na kundi lake kwa kupiga makofi na matari, na wanabendi wakaingia mmoja mmoja katika mapigo yake. Usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Katika kumbukumbu za waliokuwapo, hoja ya ubora wa muziki hufunikwa mara nyingi na mahali na wakati, yaani mambo mawili kati ya yale sita ya Mulokozi.

5.0 Shabiki kama Mlinganishi

Kazi ya pili ya shabiki ilikuwa ni kulinganisha. Tangu miaka ya 1970 wafuasi waliandika katika daftari nyimbo zilizopigwa kila usiku na mfuatano wake. Mwaka 1987 orodha hizo zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa DeadBase, kilichoendelea kutolewa katika matoleo yaliyoongezwa. Kwa kitabu hicho msomaji aliweza kujua wimbo fulani umepigwa mara ngapi, ulifuatana na upi, na umekaa muda gani bila kupigwa.

Maarifa haya yalibadilisha maana ya kile kilichosikika. Tarehe 8 na 9 Oktoba 1989 bendi ilitumbuiza huko Hampton, Virginia. Ili kupunguza umati wa wasafiri, maonyesho yalitangazwa muda mfupi kabla na chini ya jina lililoidokeza tu bendi kwa kutaja jina lake la zamani. Usiku wa pili, noti za kwanza za “Dark Star” zilisikika. Wimbo huo haukuwa umepigwa tangu tarehe 13 Julai 1984, huko Berkeley. Katika rekodi ya usiku ule, kelele za hadhira zinalipuka kabla wimbo haujaanza kuimbwa. Mtu asiyejua historia hiyo angesikia noti chache za gitaa. Aliyejua alisikia ukimya wa miaka mitano ukikatika.

Tukio hilo lina funzo la kinadharia. Maana ya utendaji haikukaa katika noti wala katika maneno, ambayo yalikuwa bado hayajaimbwa. Ilikaa katika kumbukumbu ya pamoja ya hadhira, na fanani aliitegemea kumbukumbu hiyo kama msimulizi wa hadithi anavyoutegemea ujuzi wa wasikilizaji wake. Tofauti ni kwamba hapa kumbukumbu ilikuwa imeandikwa na kuhesabiwa. Ong (1982) aliuita usimulizi wa zama za vyombo vya kielektroni kuwa ni usimulizi wa pili, unaosimama juu ya maandishi. Mlinganishi wa Grateful Dead ni mfano kamili: alifurahia jambo lisiloandikika kwa sababu alikuwa ameyaandika yote yaliyotangulia.

6.0 Shabiki kama Mtunza Matini

Kazi ya tatu, kuhifadhi, ndiyo iliyoitofautisha zaidi hadhira hii na nyingine. Wakati ambapo makampuni mengi ya muziki yaliwakataza wasikilizaji kuingia na vinasa-sauti, bendi hii kwanza ilivivumilia, kisha Oktoba 1984 ikavitengea sehemu maalumu nyuma ya meza ya fundi mitambo. Kanuni iliyokubalika ilikuwa moja: kanda hubadilishwa kwa kanda, wala hazifanyiwi biashara. Anayeanza, asiye na kanda ya kubadilisha, alituma kanda tupu na gharama za posta, akarudishiwa zikiwa na muziki.

Katika sehemu hiyo palikuwa na kinzani ambayo mchambuzi wa utendaji hawezi kuipuuza. Aliyenasa sauti alilazimika kunyamaza. Hakuimba, hakupiga makofi karibu na maikrofoni, na mara nyingi hakucheza, kwani macho yake yalikuwa kwenye mishale ya mtambo. Aliwaomba pia walio jirani wasipige kelele. Kwa maneno mengine, mtu aliyehakikisha kwamba utendaji utasikika miaka 40 baadaye ndiye aliyepunguza ushiriki wake ili jambo hilo liwezekane. Wacheza ngoma wa korido hawakuwa na kanda. Wenye kanda hawakuwa na ngoma. Malumbano kati ya makundi hayo mawili hayakuwa ya adabu za ukumbini tu, bali yalihusu swali la msingi: utendaji ni kwa ajili ya waliopo au kwa ajili ya watakaokuja?

Uhifadhi ulizaa jambo jingine ambalo Lord hakulitarajia. Ikiwa kila utendaji ni tungo huru na zote zimehifadhiwa, basi huanza kupangwa kwa madaraja. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, lilipata sifa kuliko karibu mengine yote, na rekodi yake iliingizwa katika orodha ya taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2011. Hakuna anayekana kwamba usiku ule bendi ilipiga vizuri sana. Lakini sifa hiyo ilitokana pia na kanda. Rekodi hiyo ilifanywa na Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi, kwa ubora mkubwa, na baada ya mali zake kupigwa mnada mwaka 1986 kanda za aina hiyo zilisambaa kwa mashabiki. Wapo wanaoshikilia kwamba onyesho la Buffalo la siku iliyofuata halikuwa duni kwa lolote. Ilivyo ni kwamba kanoni huundwa na watendaji pamoja na watunzaji, na mara nyingine ubora wa nakala hudhaniwa kuwa ubora wa kazi.

Waliokuwapo Ithaca hukumbuka pia kwamba walipotoka nje usiku ule walikuta theluji ikianguka, ingawa ulikuwa mwezi wa Mei. Jambo hilo halimo katika kanda yoyote, na huendelea kusimuliwa kwa mdomo.

7.0 Hadhira Inapouvunja Utendaji

Hadi katikati ya miaka ya 1980 mfumo huu ulijisimamia kwa desturi. Mwaka 1987 wimbo “Touch of Grey” ulifika nafasi ya 9 katika orodha ya nyimbo zilizovuma Marekani, jambo ambalo bendi haikuwahi kulipata kwa miaka 22. Watu wapya wakamiminika, na wafuasi wa zamani wakawapachika jina la dhihaka lililotokana na wimbo huo. Viwanja vikubwa vya michezo vikachukua nafasi ya kumbi. Nje, idadi ya watu wasio na tiketi ikapita uwezo wa miji iliyowapokea, na mwishoni mwa muongo huo bendi yenyewe ikaomba biashara na kupiga kambi katika maegesho vikome.

Kilele kilifika 1995. Tarehe 2 Julai, huko Deer Creek, Indiana, palikuwa na tishio dhidi ya maisha ya Garcia, na taa za ukumbini zikaachwa ziwake wakati wa onyesho. Wakati huo huo maelfu ya watu wasio na tiketi waliangusha uzio na kuingia, huku baadhi ya waliokuwa ndani wakiwashangilia. Onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Wanabendi wakawaandikia mashabiki barua ya wazi wakiwaonya kwamba ziara haziwezi kuendelea kwa hali hiyo na kwamba asiye na tiketi asije. Siku chache baadaye, huko Missouri, zaidi ya watu 100 walijeruhiwa paa la baraza la kambi ya mashabiki lilipoanguka, walipokuwa wamejikinga mvua chini yake. Tarehe 9 Julai bendi ilipiga Soldier Field, Chicago. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti, Garcia alifariki akiwa na umri wa miaka 53, na Desemba mwaka huo wenzake wakatangaza kwamba bendi imefikia mwisho.

Ni rahisi kuwalaumu wageni, kama wafuasi wengi wa zamani walivyofanya. Uchambuzi wa makini hauruhusu jibu hilo peke yake. Desturi ya kuinua kidole na kungojea tiketi ya bure ilikuwa ya wenyeji. Imani kwamba muziki ni mali ya wote, na kwamba maegesho ni sehemu ya tukio sawa na ukumbi, ilikuwa ya wenyeji pia. Aliyeangusha uzio aliichukua imani hiyo na kuondoa kiungo kimoja tu: deni. Alipokea bila kujiona ana wajibu wa kutoa. Nadharia zetu huuhesabu ushiriki wa hadhira kuwa jambo jema kila mara. Mfano huu unaonyesha kwamba ushiriki ni nguvu, na nguvu isiyo na wajibu huweza kuliua tukio linaloilisha.

8.0 Baada ya Fanani

Kifo cha fanani mkuu hakikuifuta hadhira. Wanabendi waliobaki walipiga muziki katika makundi mbalimbali. Mwaka 2015 wanne kati yao walikutana kwa maonyesho matano ya kuadhimisha miaka 50, mawili Santa Clara na matatu Soldier Field, ambako zaidi ya watu 70,000 walihudhuria kila usiku. Mwaka huo huo iliundwa Dead & Company, iliyomchukua mpiga gitaa John Mayer, aliyezaliwa 1977. Ziara yake ya mwisho ilimalizika Julai 2023, nayo ikaendelea na maonyesho ya Las Vegas ya 2024 na 2025, na ya Golden Gate Park, San Francisco, Agosti 2025. Phil Lesh alikuwa amefariki tarehe 25 Oktoba 2024. Wengi wa waliocheza katika maonyesho hayo hawakuwahi kumwona Garcia. Walimjua kwa kanda.

Swali la mwenye matini lilijitokeza waziwazi Novemba 2005, maelfu ya rekodi zilizohifadhiwa katika Internet Archive zilipoondolewa kwa ombi la upande wa bendi. Mashabiki walipinga vikali, wakidai kwamba kanda hizo walizinasa wao, wakazitunza wao na kuzigawa bila malipo kwa miaka mingi. Suluhu iliyopatikana baada ya siku chache iligawa matini hiyo sehemu mbili: rekodi zilizonaswa na hadhira zilirudishwa zichukuliwe kwa uhuru, na zile zilizotoka katika mitambo ya bendi zikaruhusiwa kusikilizwa tu. Bila kukusudia, suluhu hiyo iliukiri ukweli ambao nadharia huusema kwa tahadhari, kwamba utendaji mmoja una wenyewe wawili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba neno “hadhira” hubeba watu wanaofanya kazi tofauti, wakati mwingine zinazokinzana. Mshiriki huishi ndani ya tukio. Mlinganishi huliweka tukio katika mfuatano wa mengine. Mtunzaji hulitoa katika wakati wake na kulipeleka mbele. Mtu mmoja aliweza kuwa yote matatu katika maisha yake, lakini ilikuwa vigumu kuwa yote kwa usiku mmoja. Aidha, imeonekana kwamba uhusiano wa fanani na hadhira husimama juu ya aina fulani ya deni, na kwamba deni hilo likisahauliwa utendaji hubomoka hata kama wahudhuriaji wameongezeka.

Matokeo haya yana maana kwa watafiti wa Kiswahili wanaokwenda nyanjani kurekodi ngoma, taarabu au muziki wa dansi. Kwa kawaida mtafiti huandika jina la fanani, mahali na tarehe, kisha maneno ya wimbo. Inafaa aandike pia ni nani kati ya wasikilizaji amewahi kuusikia wimbo huo mara nyingi, anaulinganisha na upi, na ana kanda au kumbukumbu gani nyumbani kwake. Inafaa pia akumbuke kwamba yeye mwenyewe, akiwa na kinasa-sauti mkononi, ni sehemu ya hadhira: yule aliyenyamaza ili wengine wasikike. Ukimya huo nao unapasa kuandikwa katika taarifa yake.